Nyimbo za matangazo za kina dada wa Japan: msiishie kwa korasi

Hii ni rivyu ya muziki, lakini muziki wa aina yake, manake kila wimbo hapa uliwahi kutumika kuuza kitu kwa tivii, lipstiki, tofi, simu, kuku, gari, na nyingi zimetoka kwa wanawake wa Japan wanaojiandikia wenyewe. Mimi kazi yangu ni kufunga redio na spika za magari hapa Mombasa na hizi nyimbo ndo huzitumia kupima kazi kabla mteja hajachukua gari lake, sasa kila mara kuna mtu ataniuliza hii ni lugha gani, huyu ni nani, naipata wapi, nikaona bora niandike yote pamoja. Na msimamo wangu nauweka mbele: zilizo bora kati ya hizi zimeipita mbali ile bidhaa iliyozileta, na utamu wake uko kwenye zile vesi ambazo tangazo halikuwa na nafasi ya kuzicheza.

Kwanza mjue wenzetu wafanya vipi. Tangazo la tivii kule mara nyingi ni sekunde 15, likizidi sana 30. Na badala ya kutunga kijiwimbo cha kutaja jina la sabuni mara kumi, kampuni huchukua singo kamili ya msanii, wimbo wa dakika nne ambao wauzwa dukani kivyake, wacheza kipande tu, na chini kwa pembe ya skrini wameandika kwa herufi ndogo jina la wimbo na la mwenyewe. Huo mpango wauita taiappu. Kampuni yapata hisia za watu, msanii apata kuskika nchi nzima kila jioni. Lakini sekunde 15 ni adui wa mtunzi, kwa sababu lazima korasi ishike mtu pale pale, na wengi wakishaipata hiyo korasi basi kwengine kote wajaza tu. Ukiuskiza wimbo mzima wajua kabisa huyu alikuwa aandikia tangazo. Hao siwaandiki.

Naanza na Yumi Matsutoya, mashabiki wamwita Yuming, manake bila yeye hakuna hii rivyu. Kazaliwa 1954 Hachioji, magharibi mwa Tokyo, kwao walikuwa na duka la kimono. Mwaka 1974, kabla hajaolewa, akiitwa bado Yumi Arai, alitoa "Yasashisa ni Tsutsumareta nara" na ikatumika kwa tangazo la tofi za kampuni ya Fujiya. Tofi! Alikuwa na miaka 20. Sasa wewe fikiria umepewa kazi ya kuuza tofi kwa watoto, wangapi wataandika kuhusu mtoto kuamini kwamba Mungu yuko karibu na ampa anachotamani, halafu mtu mzima afungua pazia asubuhi na mwangaza wa jua wamrudishia ile hali kidogo? Vesi ya pili yataja harufu ya maua bustanini baada ya mvua. Mimi nimekulia Mji wa Kale, najua asumini yafanya nini usiku mvua ikishakatika, kwa hiyo hapo sihitaji mtu kunifasiria kitu.

Ila angalieni mnachopakua. Kuna toleo la singo na kuna toleo la albamu ya MISSLIM ya mwaka huo huo 1974, chukueni la albamu. Gitaa liko mbele, wimbo watembea, na besi ni ya Haruomi Hosono ambaye miaka ya baadaye alianzisha bendi ya Yellow Magic Orchestra. Hiyo besi ndo huwa napimia sabwufa, haigongi kwa fujo, yazunguka chini ya sauti ya Yuming ikimsukuma taratibu, na kama umefunga spika vibaya itapotea yote usiskie kitu. Toleo hilo hilo la albamu ndo lilikuja kutumika kwenye filamu ya katuni ya Kiki's Delivery Service mwaka 1989, miaka 15 baada ya tofi, na leo hii wengi walioipenda hawajui hata kama kulikuwa na tofi. Huu wimbo naupa maksi zote. Sina la kupunguza.

Halafu kuna vita vya vipodozi, na hapa lazima nikae kidogo. Miaka ya 70 na 80 makampuni mawili makubwa ya urembo, Shiseido na Kanebo, kila msimu walikuwa watoa rangi mpya za lipstiki na kila rangi na wimbo wake, na spring, yaani ule mwisho wa baridi maua yakianza, ndo ilikuwa vita vyenyewe. Watu walikuwa wangojea wimbo wa msimu vile sisi twangojea mwezi. Mwaka 1977 Shiseido walimchukua Amii Ozaki, binti wa Kyoto, hata miaka 20 hajafika, akawaandikia "My Pure Lady". Ni wimbo mtulivu sana, hauna haraka kabisa, wasimulia ile dakika mtu agundua kwamba moyo umeshaenda na yeye hakuupa ruhusa. Kwa tangazo la lipstiki ungetarajia kelele, yeye akashusha sauti. Napenda sana ule ujasiri wa kushusha sauti.

Mwaka 1981 ndo mwaka wa kukumbukwa. Shiseido walimweka Miki Matsubara na "Neat na Gogo San-ji", Kanebo wakamweka Akiko Yano na "Haru Saki Kobeni", zote msimu mmoja. Matsubara mwamjua hata kama hamjui mwamjua, ndo yule wa "Mayonaka no Door" ya 1979 ambayo mwaka 2020 ilizuka tena dunia nzima kwa simu za watoto, masikini mwenyewe alishafariki 2004 hakuyaona hayo. Sauti yake ni ya jazi, nzito kiasi, lakini ule wimbo wa lipstiki hakuutunga yeye, na mimi naskia hivo, auimba kwa ufundi lakini kama mgeni ndani yake. Yano ni kinyume. Maneno alipewa na Shigesato Itoi, tuni ni yake mwenyewe, na ala zimepangwa na wale Yellow Magic Orchestra aliokuwa akizunguka nao duniani kupiga kinanda, kwa hiyo sintesaiza zacheka, mdundo waruka, na juu yake sauti ya Yano yapanda na kuteleza pahali ambapo mwimbaji mwengine angenyooka. Wateja wengine hawaiwezi hiyo sauti, waniambia niitoe. Mimi nawaambia ngojeni ifike mara ya pili. Kati ya hizo mbili nampa Yano, na simpi kwa kidogo.

Na msidhani masikio ya Mombasa ni mageni kwa Japan. Ile tashkota kwenye taarab yetu, ile ya Bi Zuhura Swaleh na Maulidi Party, kale kasauti kembamba ka nyuzi kanakokimbizana na mwimbaji, asili yake ni taishōgoto, chombo kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912, kikapitia Bara Hindi mpaka kikafika kwetu pwani. Nikiwachezea Yano wazee waliozoea harusi za zamani hawashtuki hata kidogo, vijana ndo hushtuka. Kitu kengine ambacho wazee hukiona haraka ni hiki cha mwanamke kuwa na maneno yake na tuni yake. Kwenye taarab tumezoea malenga aandike, mwimbaji aimbe, na mara nyingi malenga ni mwanamume anayeandika uchungu wa mwanamke. Hawa wameandika wao. Skizeni tofauti yake.

EPO wa 1983 nipite haraka, "U, Fu, Fu, Fu" ya Shiseido, kaandika mwenyewe, wimbo mchangamfu, mzuri ukiwa wavuka daraja la Nyali asubuhi na foleni haipo. Sina mengi.

Mariya Takeuchi mtaniuliza tu, kwa hivo nimweke hapa. Huyu kazaliwa 1955 huko Izumo, mkoa wa Shimane, familia yao ina hoteli ya kienyeji karibu na hekalu kubwa. Wimbo wake wa kwanza kuvuma kweli ni "Fushigi na Peach Pie" wa 1980, tangazo la Shiseido, na hakuutunga yeye. Ni mtamu, ndio, lakini wapita kama soda. Akaolewa na Tatsuro Yamashita 1982, akapumzika, akarudi 1984 na albamu ya Variety ambayo nyimbo zote kaandika yeye, humo ndo mna "Plastic Love" ambayo miaka mingi baadaye YouTube iliwapelekea watu hata wasioitafuta. Hiyo si ya tangazo lakini naitaja kwa sababu yaonyesha umbali aliotoka tangu ile pichi pai, mtu yule yule, sauti ile ile, safari hii ana jambo la kusema.

Wimbo wake wa tangazo ninaoutetea mimi ni "Suteki na Holiday", upo kwenye albamu ya Bon Appétit! ya 2001, na ndo wimbo wa Krismasi wa KFC Japan. Kama hamjui, kule kula kuku wa KFC wakati wa Krismasi ni desturi kabisa, walianza kampeni 1974 na sasa watu waagiza mapema ili wasikose. Takeuchi aliandika maneno na tuni mwenyewe, na wimbo wenyewe ni furaha ya Krismasi kuja tena mwaka huu. Mimi ni Muislamu, Krismasi si sikukuu yangu, lakini usiku wa kuamkia Idi nyumba nzima yanuka viungo na watoto hawalali, ule wimbo waingia hapo bila shida yoyote.

Sasa Miyuki Nakajima. Kaeni chini.

Huyu kazaliwa 1952 Sapporo, kaskazini kwenye theluji, na mwaka 1983 kwenye albamu ya Yokan aliweka wimbo unaitwa "Fight!". Hakuuandika kwa tangazo lolote. Alikuwa mtangazaji wa redio usiku, watu wamwandikia barua, na wimbo waanza na barua ya msichana aliyenyimwa kazi kwa sababu kaishia shule ya kati tu. Halafu vesi zaja moja baada ya nyengine na kila moja ni mtu: kuna aliyeona mtoto akisukumwa ngazini pale stesheni akaogopa akakimbia, na sasa ajichukia, kuna aliyetaka kwenda Tokyo kijiji kikamtishia kwamba akienda familia yake haitakalika pale. Nakajima hizi vesi haziimbi vizuri, yaani hataki kuziimba vizuri, yuazisema kwa sauti ya chini yenye hasira, kisha korasi yapanda na kuwaambia hao hao wapigane, kwamba wale wasiopigana watawacheka wanaopigana na waendelee tu. Huwezi kumchezea mtu huu wimbo halafu ukamwambia ni wa kuuza kitu.

Lakini uliuza. Mwaka 1994 ulitumika kwa tangazo la bima ya maisha ya Sumitomo, ukatolewa kama singo, na mwaka 2012 ukarudi kwa tangazo la Calorie Mate, ile biskuti ya nguvu ya kampuni ya Otsuka, safari hii muigizaji Hikari Mitsushima auimba mwenyewe mbele ya kamera na uso wote watetemeka. Biskuti yenyewe ilianza kuuzwa 1983, mwaka ule ule wa wimbo. Kuna watu wasema ni aibu wimbo kama ule kuwekwa kwa biskuti. Mimi siungi mkono. Huyu msichana wa ile barua hakuwa na pahali pa kuskika ila redio ya usiku, na tangazo la tivii limemuingiza kila sebule, mpaka kwa wale mabosi waliomnyima kazi. Cha muhimu ni wewe uliyeguswa na zile sekunde chache uende ukautafute wote, manake korasi pekee bila zile vesi yaskika kama ya uwanja wa mpira, na sivyo. Kwa spika usizidishe besi hapa, besi ya nini, weka kati juu kidogo sauti yake itoke mbele.

Baadaye ikaja enzi ya simu. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya KDDI, kupitia mtandao wake unaoitwa "au", ilianzisha huduma ya kupakua muziki kwa simu iitwayo LISMO, ile yenye kichakuro cha kijani, na matangazo yake yalibeba mabinti wawili wote wa kuzaliwa 1987. Ayaka, wa Moriguchi huko Osaka, na "Mikazuki", mwezi mwandamo, wimbo wa mtu aliyemuacha mpenzi mji mwengine akaenda kutafuta maisha, na ni maisha yake kweli manake alitoka Osaka kwenda Tokyo kwa ajili ya muziki. YUI, wa Fukuoka, aliacha shule ya sekondari akawa apiga gitaa barabarani, yeye "CHE.R.RY" ya 2007, binti kaskia kwamba meseji haijibiwi haraka, lakini yeye michezo hiyo haiwezi manake kashapenda. Wimbo wa kuuza muziki kwa simu wazungumzia simu yenyewe, na bado hauskiki kama umeagizwa. Ayaka ana sauti kubwa zaidi, kwa sauti hamfikii mtu, lakini kwa uandishi nampa YUI, kwa sababu kitu kidogo kile, kujibu meseji, kakiangalia mpaka mwisho bila kukikuza.

Halafu kuna huu wimbo ambao wote mwauona barabarani kila siku bila kujua. Toyota Wish. Ilipotoka Januari 2003 wimbo wa tangazo lake ulikuwa "Colors" wa Hikaru Utada. Utada mwenyewe mwaka 2021 alisema hajihesabu mwanamke wala mwanaume kwa hiyo simwingizi kwa hesabu ya kina dada, ila ukizungumza matangazo ya Japan ukamruka umeacha pengo kubwa. Ni wimbo wa huzuni ya kimya, mtu ajipakia rangi mwenyewe pale maisha yalipopauka, mdundo wa sintesaiza, sauti yapasuka kidogo kwa juu. Nani huuza gari la familia kwa wimbo kama huo? Na ulifaa. Wish zimeacha kutengenezwa tangu 2017 na sheria yetu ya miaka 8 hairuhusu tena zilizozeeka kupita hapo kushuka bandarini, kwa hiyo hizi tulizo nazo, nyingi zafanya teksi za app kutoka Likoni mpaka Mtwapa, ndo hizo hizo. Nikifunga redio kwa Wish lazima huu uwe wa kwanza kucheza, mwenye gari apende asipende, ni haki ya lile gari.

Ambao sijawapa nafasi kubwa: ZARD, "Yureru Omoi" ya 1993, tangazo la Pocari Sweat, mwimbaji wake Izumi Sakai kaandika maneno na tuni ni ya Tetsurō Oda, wimbo safi wa jua kali na kwa joto letu la Februari wafaa, lakini ni ile korasi kubwa na basi, ingawa kifo cha Sakai cha 2007 chafanya nisiweze kuuskiza bila kumuombea. Kaela Kimura, "Butterfly" ya 2009, maneno yake mwenyewe, kwa tangazo la jarida la maharusi Zexy. Wapendeza, bi harusi akitaka atacheza, kwangu mimi ni sukari nyingi.

Ya kuzipata sasa. Redio nyingi za magari ya zamani kutoka Japan hushika FM kuanzia 76 mpaka 90 na stesheni zetu ziko 88 mpaka 108, kwa hiyo wengi mwafunga ekspanda mpate stesheni, lakini kwa muziki kama huu ekspanda na vile vifaa vya blutuuthi vya kuchomeka kwa laita vyaharibu sauti, vyaleta ukungu juu. Tumieni waya wa AUX au flashi. Kwa app msitafute kwa herufi zetu pekee, kopini jina la msanii kwa Kijapani mkalitafute hivo, matokeo huwa mengi zaidi. Kuna app moja nilikuwa nailipia kila mwezi na nusu ya albamu nilizotaka yaniambia hazipatikani nchini kwangu, na nilipoandika kuuliza nikajibiwa kwa meseji ya mashine, nikaiacha. Kabla hamjalipa popote tafuteni kwanza MISSLIM na Variety, hizo mbili zikicheza mpaka mwisho bila kukatwa basi hiyo huduma yafaa kulipiwa. Pakueni mkiwa na waifai ya nyumbani kwa kiwango cha juu, msile bando kwa kustrimu njiani. Na anayetaka kuskia "Fight!" kwa spika zilizofungwa vizuri aje na gari lake jioni baada ya alasiri, nitamchezea wote, hata kama hanunui kitu.